Kibonyeo cha Mzee Kiilu

Kwenye mkono wa kulia wa kiti cha marehemu Mzee Kiilu palikuwa na kibonyeo, kishimo kidogo, chembamba, kilicholala upande kama kitu kilichochoka. Siku ya kwanza ya kazi yangu ya ndani, nilipokipangusa vumbi, nilijaribu kutia kidole gumba changu ndani yake, kikakataa. Nikakigeuza, kikakataa tena. Mjane wake, bibi kizee tuliyemwita Shosho Annah, alikuwa ameketi kitandani kwake mlango ukiwa wazi. Macho yake yalikuwa yameshazima, lakini alisikia kitambaa kimenyamaza.

"Umejaribu, eh?" akacheka. "Hakiingii, Awuor. Hapo ni pa Kiilu peke yake."

Mzee alikuwa karani wa serikali. Mlango wa gari ulimbana kidole gumba angali kijana, na mfupa ukaunga vibaya. Kiti chenyewe alikinunua kwa fundi Mhindi mjini, miaka ile ya mwanzo ya uhuru: kifupi, mgongo umeegemea nyuma, miguu myembamba imetanuka. Kila jioni, akisikiliza taarifa ya habari, alisugua mahali palepale kwa kidole chake kilichopinda, hadi mvule wenyewe ukamwachia nafasi. Alipofariki, Shosho alihamia kwenye kiti hicho. Na macho yalipomwacha, kidole chake kilizoea kutembea ndani ya kile kibonyeo huku akimsimulia mumewe mambo ya siku: mvua iliyoangusha ua la jirani, mahubiri yaliyorefuka kupita kiasi, chumvi niliyozidisha kwenye mchuzi. Mimi jikoni nilipunguza redio nisimkatize. Nyumba ile ya Lavington ni kubwa na ina kuta ndefu, lakini wakati huo ilikuwa na watu wa kuijaza.

Mwanawe, Musembi, ana duka la fanicha Hurlingham. Wakaaji wa maghorofa siku hizi wanataka viti vya kizamani vilivyo vipya, naye akakikumbuka kiti cha babake.

"Fundi apime tu, mama, halafu nikirudishe."

"Na jioni mimi nitakaa wapi?"

"Kwenye kochi. Kama watu wote."

Shosho alisita, akakubali, kwa kuwa aliyeomba alikuwa mtoto wake na duka lilikuwa likiyumba. Jioni zilizofuata alikaa kwenye kochi akiwa kimya, kama mgeni anayengoja mwenye nyumba.

Kiti kikakawia. Jumapili moja, baada ya ibada, rafiki yangu Mercyline, anayefanya kazi za nyumbani mtaani Muthangari, alinicheka.

"Kile kiti chenu mnachokiringia? Kwa bosi wangu viko vinne. Mtoto anavimwagia uji."

"Vyenu ni vya kuiga."

"Na nani atajua?"

Nilicheka naye. Njiani kurudi kicheko kilinikauka.

Kiti kilirudi kikiwa kinang'aa, kinanuka vanishi. Shosho aliketi. Mkono wake ukateleza taratibu juu ya mbao, ukafika kwenye kibonyeo, ukasimama hapo.

"Musembi, umeniletea kiti cha nani?"

"Chako, mama. Wamekisafisha tu."

"Hiki si cha babako."

Kesho yake Musembi alitupeleka Hurlingham pamoja na kile kiti, nikiwa nimemshika Shosho kiwiko. Nyuma ya duka ndiko kwenye karakana. Fundi Omollo alijifuta mikono kwenye aproni kabla ya kumsalimia Shosho kwa mikono miwili.

"Ile yako ilikuwa imechoka sana, Shosho. Siwezi rudisha kiti ya mtu ikiwa chafu hivyo, hiyo ni aibu kwa fundi. Tuliipiga msasa pamoja na zile zingine, tukaipulizia vanishi. Hiyo sikuhesabu kama kazi. Ilikuwa tu heshima kwa mzee."

"Na pale palipobonyea?"

"Pa kidole? Nilipaona, nikajua hiyo ni staili ya wazee. Nimeiweka kwa zote. Wateja wanaipenda."

Uso wake ulikuwa umejaa furaha. Laiti angekuwa mwizi au mlevi, ningepata la kusema moyoni.

"Kile chetu ulikitia alama?" Musembi akauliza kwa sauti ya chini.

Omollo alitazama safu ya viti. "Bosi, zilikuwa zinatoka haraka. Zingine zishaenda."

Musembi alimgeukia mamake. "Hata hivyo, mama, mbao ni ileile. Umbo ni lilelile."

Alikuwa anambembeleza. Shosho alinishika mkono. Aliniomba nimtembeze, nami nikamketisha kwenye kiti cha kwanza, kisha kilichofuata. Kila mara alishusha kidole ndani ya kibonyeo, akainamisha kichwa, akasubiri, kama mtu aliyepiga simu na kusikia inaita tu. Nilitafuta doa la chai nililolijua, na ule mkwaruzo wa mguuni. Msasa ulikuwa umepita kote.

Mteja mmoja mwanamke akachungulia kutoka dukani. "Hivi ni orijino?"

Musembi alivitupia viti jicho. "Ni vya familia," akasema.

Hapo Shosho alikuwa kwenye kiti cha katikati. "Ni hiki," akasema.

"Una hakika, mama?"

"Ni hiki, mwanangu. Nirudishe nyumbani."

Musembi alishusha pumzi, akamshika bega. Hakuona nilichokiona mimi niliyesimama karibu: mikono ya Shosho ilikuwa imelala mapajani. Kibonyeo cha kiti hicho hakuwa amekigusa.

Jioni kiliwekwa mahali pake. Niliingia jikoni, nikapunguza redio, nikangoja sauti yake. Haikuja. Nikachungulia. Alikuwa ameketi wima, amefumbata mikono, kama aliye kwenye foleni ya kliniki.

"Awuor," akaita, "ongeza hiyo redio."

"Nikuletee chai, Shosho?"

"Ongeza tu redio."

Asubuhi nilipangusa vumbi kama kawaida. Nilipofika kwenye mkono wa kulia, kidole gumba changu kilijiendea chenyewe. Kiliingia. Kiliingia bila kusukumwa, kikatulia, kana kwamba nilipimwa.

Nilikitoa haraka, nikaendelea kusugua kwa nguvu, kitambaa kisije kikanyamaza.