Emuron na Amuron

Amuge wa kijiji cha Merikit ndiye aliyemfundisha padri mzungu Kiateso. Walipofikia neno emuron, mganga wa kiume, na amuron, mganga wa kike, alimweleza kwamba wote wawili hutibu watu na kubariki mbegu. Kazi hiyo yeye mwenyewe aliirithi kwa mama yake.

Mwaka 1963 kitabu cha padri cha mafundisho ya dini kilitoka, na mumewe Etyang, katekista, akakisoma kanisani. Humo emuron alikuwa nabii. Amuron alikuwa mchawi. Watu wakageuka kumtazama Amuge.

Nje ya kanisa alimkabili padri. “Fadha, mimi sikukufundisha hivyo.”

“Wanaume wa kanisa ndio walioamua, mama.”

Amuge akamgeukia mumewe. “Baba Alungat, nawe ulikuwepo?”

“Nilikuwepo,” Etyang akajibu. “Fadha alitaka neno la mchawi. Tukampa amuron.”

Siku hiyohiyo Amuge alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yake mjini Malaba. Etyang alipotuma mtu kumrudisha, Amuge alimpa mjumbe chai, kisha akamwambia, “Mwambie akaoe mke ambaye yeye hajamwita mchawi.”