Upande wa Kushoto

"Hiki kibovu," alisema fundi wa mashine ya kusaga nafaka. Alichomoa kidude cha hedifoni kwenye sikio la kushoto, akakipuliza kana kwamba kimeingia vumbi. "Upande mmoja haulii."

Mwenye duka, mama mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi, hakubabaika. Meza yake ilijaa tochi, chaja na viredio vidogo vya kusikilizia nyimbo, kila kimoja ndani ya boksi lenye jina la kampuni kubwa lililopungukiwa herufi moja.

"Nimekifungua sasa hivi mbele yako, baba."

"Ndiyo feki hizo. Zinatoka kiwandani zimeshakufa."

Lakini hakuondoka. Mkewe ndiye aliyemtuma, au tuseme aliyempa amri. Siku hizi redio ya nyumbani ikifunguliwa husikika hadi chumba cha mpangaji wa mwisho, na juzi mpangaji huyo alikuja kuuliza, kwa adabu zote, kama mtoto wake angeweza kupata usingizi kidogo. "Katafute ile ya kutia masikioni," mkewe alisema, "upigiwe kelele peke yako." Naye akaona si wazo baya: nyimbo zake za zamani, sauti aitakayo, na wa kununa hakuna. Tatizo ni kununua takataka.

"Hebu lete." Mwenye duka alikifuta kile kidude kwa pindo la gauni, akakitia sikioni. Kichwa kikaanza kuyumba taratibu, kidole kikigonga meza kufuata ngoma. "Kinalia. Tena vizuri."

"Usinifanye mtoto, mama."

"Basi geuza. Cha kushoto tia kulia."

Akageuza. Kile alichokiita kibovu kililipuka kwenye sikio la kulia hadi akakunja uso. Kingine, kilichokuwa kikilia vizuri dakika mbili tu zilizopita, kikanyamaza kushoto kimya kabisa.

Akageuza tena. Na tena. Mwenye duka akaacha kumtazama, akajitia kupanga betri ambazo zilikwisha kupangika.

Miaka ishirini na sita fundi alikuwa amesimama kwenye mashine yake ya kusaga, mota ikiwa kushoto kwake. Kazi yenyewe huifanyi kwa macho. Mahindi yakikaribia kwisha mlio hupanda, nawe unaongeza mengine kabla mawe hayajasagana yenyewe kwa yenyewe. Mwezi huu yalikuwa yamesagana mara mbili. Mara ya pili ni mteja aliyemvuta shati. Alilaumu mafuta, akalaumu mkanda, akalaumu hata mahindi.

Na mkewe je? Fundi alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba mke wake siku hizi kawa mpole, haongei sana.

"Nitakupunguzia," mwenye duka alisema kwa upole, kisha akakumbuka, akapaza sauti: "Nitakupunguzia bei, baba!"

Hilo ndilo lililomuuma. Alikuja amejiandaa kubishana bei hadi jasho limtoke, si kuhurumiwa.

"Usipunguze. Mali yako ni nzima."

Akauviringa waya, akakirudisha kiredio ndani ya boksi, akalifunga vizuri, akatoka.

Alimkuta mkewe uani akichambua mchele. Akavuta kigoda, akaketi.

"Umenunua?" mkewe aliuliza. Halafu akauliza tena.

"Sijanunua. Kuna upande umekufa."

"Si wangekubadilishia, wakupe kingine?"

"Hakuna kingine, mama watoto."

Mkono wake ulikwenda kwenye sikio la kushoto, ukabaki hapo. Mkewe akaacha kuchambua. Alimtazama kama mtu anayeyapitia upya maneno yote aliyowahi kuyasema yakakosa jibu. Kisha akainuka, ungo mkono mmoja, kigoda mkono wa pili, akazunguka nyuma ya mgongo wa mumewe, akaketi upande wa kulia.

"Haya," alisema kwa sauti yake ya kawaida, vidole vikirudi kwenye mchele. "Anza mwanzo."