Lathe ya Mzee Mbithi Iliyokataa Kurudi Nyuma

Katika yadi yetu ya mafundi wa jua kali hapa Kitengela, kazi ikirudi na lawama hairudi kimyakimya. Mwenye mashine hugonga chuma, kila kibanda huzima grinda, na fundi aliyeifanya huitwa asimame kando ya mashine hiyo ikijaribiwa mbele ya watu wote. Ikikataa, fundi hukusanya vifaa vyake na kutoka langoni siku hiyo hiyo, asirudi. Nimeona wawili wakitoka hivyo. Mmoja wao alikuwa hodari kuliko mimi.

Jumanne iliyopita chuma kiligongwa kwa ajili yangu.

Naitwa Nasieku. Huu ni mwaka wa saba nikitengeneza motor hapa, na katika yadi nzima mimi ndiye mwanamke pekee asiyeuza chakula. Hilo peke yake limewakera watu wa kutosha, na sijawahi kumwomba yeyote msamaha.

Aliyegonga chuma ni Mzee Mbithi, mkereza vyuma. Lathe yake, mashine ya kukerezea, ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Alipoileta kutoka Nairobi ilikuwa na motor ya fezi tatu, na sisi yadini tuna umeme wa fezi moja tu. Akanunua motor nyingine, akaniita niifunge pamoja na swichi yake ya kugeuza: mkono ukiwa kushoto lathe inaenda mbele, katikati inazima, kulia inarudi nyuma. Swichi yenyewe ilikuwa kuukuu. Niliifungua, nikasugua shaba zilizoungua, nikabadilisha springi mbili, nikafunga waya mmoja baada ya mwingine na kupima kila mmoja mara mbili. Kazi ilikuwa safi. Nasema hivyo bila haya.

Sasa Mbithi alikuwa ameinua shafti ya pampu ya kisima, mali ya mteja wa Isinya. Thredi zake, ile mikato ya kuzungushia nati, zilikuwa zimechunwa vibaya.

"Tazameni!" alisema. "Nilikuwa nakata thredi. Nikavuta rivasi nirudi, mashine ikaendelea mbele tu mpaka ikaharibu kazi yote. Nikageuza hata waya za plagi, wapi! Huyu msichana amefunga waya kama mtu anasuka nywele."

Watu wakacheka. Akutukanaye hakuchagulii tusi, najua, lakini hilo lilinichoma mpaka masikio yakapata moto.

Mwenyekiti wa yadi, Waweru, hakucheka. Ni Mkikuyu, lakini kila asubuhi hunisalimu kwa Kimaa, lugha ya kwetu, na hata siku hiyo hakuiruka salamu.

"Supa, Nasieku."

"Ipa."

"Umesikia. Uko na la kusema?"

"Niko nalo. Kwanza awashe. Afanye tu vile alikuwa anafanya."

Mbithi akawasha. Lathe ikanguruma, ikashika kasi. Kisha akautupa mkono wa swichi kutoka kushoto hadi kulia kwa mpigo mmoja, jinsi alivyoutupa miaka thelathini katika karakana za Nairobi. Lathe ikaendelea kuzunguka mbele kana kwamba hakuna aliyeigusa.

"Mmeona?" akasema, na uso wake ukang'aa.

Niliona, na nikaelewa. Motor ya fezi tatu hukubali kugeuzwa ikiwa mbioni. Ya fezi moja haikubali. Ikishashika kasi, kuna swichi ndogo ndani yake inayokata koili ya kuanzia, na koili hiyo ndiyo inayoamua upande wa kuzunguka. Lazima motor isimame kwanza ndipo isikie amri mpya. Mzee alikuwa anaendesha lathe ya Kitengela kwa mkono wa Nairobi.

Nikamgeukia Mwihaki, mama anayetuuzia chai. "Weka birika chini, mama. Kuja uendeshe lathe."

"Hiyo si sufuria!" Mbithi akafoka.

"Ndio nimeita mtu haijui, mzee. Mkono yako imejua sana."

Mwihaki akajipangusa viganja kwenye leso, akashika mkono wa swichi kwa vidole viwili. Akawasha. "Sasa zima," nikamwambia. "Ngoja. Usiguse." Mngurumo ukashuka, na ndani ya motor kukasikika mlio mdogo, tik. "Bado. Ngoja isimame kabisa. Haya, vuta kulia."

Lathe ikarudi nyuma.

Akafanya tena, na tena, mbele na nyuma, huku akicheka peke yake. Mbithi akamsogeza kando na kuutupa mkono kwa mpigo wake wa zamani. Ikaendelea mbele. Safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa aone nini.

Ningeondoka hapo nimeshinda, lakini Waweru akakuna kidevu. "Nasieku. Hii maneno ya kungoja, ulimwambia Mbithi?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ningeweza kuipita. Siku nilipomkabidhi mashine tulikuwa wawili tu, bila shahidi. Nilianza, "Mzee, hii motor si kama ile ingine," naye akanikata: "Lathe nimeijua kabla mama yako akuzae. Waya umefunga, sasa enda." Nikafunga mdomo, nikaenda. Na moyoni nikasema, haya, utaona. Nilitaka aone. Aibu ya jambo hilo ilinipata pale pale, mbele ya watu wote.

"Sikumwambia," nikasema. "Nilianza, akanikata, nikanyamaza na hasira. Hiyo shafti imeharibiwa na kiburi yake na yangu. Yangu naikubali, na Isinya nitaenda na yeye tumwelezee mteja. Lakini swichi si mbovu. Haijakuwa mbovu hata siku moja. Mkinitoa juu ya kunyamaza, nitatembea mwenyewe. Mkinitoa juu ya waya, mtanibeba."

Hakuna aliyesogea kunibeba. Waweru akawatazama mafundi mmoja mmoja, kisha akasema, "Hakuna mtu anatoka. Mbithi, chukua mashine yako."

Mzee akanyoosha mkono. Nikaweka kiganja changu juu ya swichi.

"Bado, mzee. Kuanzia leo hakuna mtu anachukua kazi yangu kabla aniambie vile ataitumia."

"Ati nikariri kama mtoto wa shule?"

"Ndio. Na nitasimama hapa nikusikie, hata ukinitusi. Siku ile nilienda. Leo siendi."

Akageuka kutafuta wa kumtetea. Grinda zote zilikuwa bado zimezimwa.

"Nazima," akanong'ona.

"Sisikii, mzee."

"Nazima! Nangoja isimame! Ndio nageuza!"

"Sasa ni yako," nikasema, nikaondoa mkono.