Blanketi Lililofumuliwa

Godelive alifundisha darasa la tatu huko Bukavu, Congo, kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushona kitu kikubwa kuliko kifungo cha shati. Sindano aliishika kwa kulazimika, mwaka 2010, katika msimu wake wa kwanza wa baridi hapo Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Upepo wa mwezi wa saba ulipita chini ya mlango na katika nyufa za matofali ya udongo, na binti yake Olga, aliyekuwa na miaka saba, alikohoa hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Nyumba nzima ilikuwa na blanketi moja la msaada, la kijivu, jembamba, kwa watu watatu.

Basi alikwenda sokoni kwa mafundi wa cherehani, akaomba vile vipande wanavyokata na kuviacha chini ya meza. Walimcheka, lakini walimpa. Akaviunga kimoja kimoja kwa mkono, akalikunja lile blanketi la kijivu mara mbili, akaliweka katikati, akalishonea viraka juu na chini. Olga akalala kwa joto. Wazazi wake wakajifunika vitenge na makoti.

Télesphore, mume wake, hakufurahi. Bukavu alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji wa viwanja, mtu wa kuvaa shati lililopigwa pasi hata kambini, na kanisani yeye ndiye aliyeongoza kwaya.

"Mama Olga," alimwambia, "bantu banasema bibi ya Télesphore anaokotaka takataka ya bafundi."

"Baseme," Godelive alijibu bila kuinua macho. "Mutoto analala."

Na hakuacha. Miaka miwili ikapita, naye akawa anashona vishikio vya sufuria, mifuko ya daftari, foronya, na mablanketi madogo ya watoto wachanga. Watu wa kambini walinunua moja moja. Ndipo siku moja, mwanzoni mwa mwaka 2012, kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuja kutembelea kutoka Lilongwe. Mmoja wao, Mayi Kachale, aliyekuwa na nyumba ndogo ya wageni huko Nsungwi, aliliona blanketi la Olga limeanikwa kwenye kamba. Akaagiza moja kubwa, la kitanda cha watu wawili. Binti yake alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi wa nane.

Godelive alilishona kwa miezi miwili na nusu. Alilipeleka mwezi wa tano, akalipwa, akarudi nyumbani akiimba.

Mwezi wa saba ulipoanza, alipata ujumbe: njoo uone blanketi. Akaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akapanda minibasi hadi mjini, akapanda nyingine hadi Nsungwi.

Mayi Kachale hakuwa na hasira. Alimkaribisha chai na mkate, kisha akalileta blanketi na kulitandaza juu ya kochi. Lilikuwa limefuliwa mara moja tu. Wekundu wa kitenge ulikuwa umechuja, na vipande vyote vyeupe vilivyopakana nao vimekuwa na rangi ya maji ya kuoshea nyama. Vipande vingine vilikuwa vimesinyaa, vingine havikusinyaa, kwa hiyo uso mzima wa blanketi ulikuwa umejikunja makunyanzi. Upande wa miguuni mishono mitatu ilikuwa imeachia, na blanketi la kijivu alilolitia katikati lilikuwa linachungulia nje.

Waliongea Kichewa. Cha Godelive kilikuwa cha kuungaunga, lakini kilitosha.

"Nitalirudisha," alisema. "Nitalitengeneza."

"Hapana, usihangaike, mama. Nilitaka tu ujue. Lile tulilinunua ili kukusaidia, si unaelewa? Ninyi wakimbizi mna shida nyingi. Binti yangu nitamtafutia jingine dukani, kule mjini Old Town."

Alilisema hilo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma Godelive. Aliweka kikombe mezani. Alikuwa amejiandaa kwa ukali. Kwa maneno haya hakuwa amejiandaa.

"Mayi," alisema, akitafuta maneno, "mimi sikukuuzia shida zangu. Nilikuuzia blanketi. Na hili silo blanketi. Niachie mpaka wiki moja kabla ya harusi."

Mayi Kachale aligusa mshono ulioachia. "Na likichuja tena?"

"Nitalifua mwenyewe, hapa hapa kwako, wewe ukiwa umesimama."

Ndani ya minibasi ya kurudi alilipakata lile furushi mapajani. Aliwakumbuka wanafunzi wake. Mtoto aliyekosa hesabu hakumpa alama za huruma. Alimrudishia daftari, akamwambia aanze upya. Leo daftari lenye makosa lilikuwa lake, na hakuona sababu ya kujihurumia kuliko alivyowahurumia wale watoto.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa jirani yake Anifa, mwanamke wa Kindu. Huko kwao Anifa na mume wake Sumaili walikuwa wakiuza majora ya vitambaa. Hapa kambini waliuza vitunguu na mafuta ya kupikia. Anifa alilipokea blanketi, akaligeuza, akalinusa, akavuta uzi mmoja kutoka kwenye kona iliyoachia. Hakusema pole. Aliwasha kiberiti.

"Angalia, Mama Olga. Hii inaungua sawa karatasi, inaacha majivu. Hii ni pamba." Akavuta uzi mwingine kutoka kipande cha jirani. Huo ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kitone cheusi kigumu. "Na hii ni tetroni. Pamba inasinyaa, tetroni inakatala. We umezifungisha ndoa bila kuzijulisha. Na mbele ya kushona, ulizifua?"

"Hapana."

"Hata ile nyekundu?"

"Hapana, dada."

"Eee," alisema Anifa, akazima kiberiti. "Njo sababu, basi. Utafanya nini?"

"Nitalifumua lote."

"Lote?"

"Lote. Na we utanifundisha."

Anifa alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Akasogeza gunia la vitunguu pembeni ili wapate mahali pa kukaa.

Kulifumua kulichukua siku tisa. Godelive alitumia wembe, akikata uzi mmoja baada ya mwingine bila kugusa kitambaa, mpaka vidole vikamwota sugu mahali ambapo havikuwa nazo. Vipande vilikuwa mia tatu na kitu. Walivigawa katika mafungu: pamba nzima, tetroni, na vilivyoharibika. Fungu la pamba nzima halikufika hata nusu.

Kisha wakaanza kufua. Kila rangi na beseni lake, maji ya moto na chumvi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka maji yabaki meupe. Pale kwenye pampu wanawake walinung'unika kwamba kuna mtu anamaliza maji kwa kuosha matambara. Godelive akaanza kwenda alfajiri, kabla ya foleni, na kuchota ndoo mbili zaidi. Rangi ya bluu ilitulia baada ya maji matatu. Ya kijani, manne. Lakini kulikuwa na kitenge kimoja chekundu chenye picha za ndege, ambacho yeye alikipenda kuliko vyote, na hicho kiliendelea kuchuja hata maji ya nane.

"Tupa," alisema Anifa.

"Mara moja tena."

Akakifua mara tatu nyingine. Maji yakatoka mekundu vile vile. Akakaa akikitazama kwenye beseni, kisha akakikamua, akampa Anifa akatumie kufungia chupa za mafuta.

Sasa alihitaji pamba nyingine, na nyingi, na zilikuwa zimebaki wiki tano tu. Alirudi Lilongwe. Alizunguka Old Town tangu asubuhi, kwenye vibaraza vya maduka ya jumla ambapo mafundi hukaa na cherehani zao. Kila mahali jibu lilikuwa moja: masalio yote hutiwa kwenye magunia, na magunia yana mwenyewe, mtu wa kujaza mito na magodoro. Mchana alivuka kwenda mtaa wa Mchesi, akamkuta fundi Mrundi aitwaye Nduwimana, mwenye kibanda kilichojaa sare za shule mpaka mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na magunia matatu.

"Na haya yana mwenyewe," Nduwimana alisema kabla hajaulizwa. "Anakuja Jumamosi."

Godelive aliangalia zile sare. "Hizi shati hazina vifungo."

"Mi ni mutu moja, mama. Mikono miwili tu."

"Leo ni Jumatano. Mpaka Jumamosi nitakushonea vifungo vyote. We utaniacha nichague ndani ya magunia mbele ya huyo mutu kuja. Zenye zinabaki atapata yeye, mi nachagua tu."

Nduwimana alikuna kichwa, akampa shati moja amjaribu. Godelive alishona vifungo sita, akamrudishia. Fundi alivuta kifungo kimoja kwa nguvu, kikakataa kutoka. Akamsogezea kigoda.

Kwa siku tatu alilala kwa mama mmoja wa kanisani hapo Mchesi, na kila asubuhi alirudi kwenye kigoda kile. Jioni, kazi ya vifungo ikiisha, alifungua magunia na kuanza kuvuta nyuzi na kuzichoma mlangoni, moja moja, kama alivyofundishwa.

"Mama, utaniunguzia kibanda!" Nduwimana alipiga kelele mara ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa anamletea vipande mwenyewe, akiuliza, "Na hii? Hii ni nini?" Ilitokea kwamba jora moja alilouziwa kama pamba tupu lilikuwa tetroni nusu nzima. Jumamosi Godelive alipofunga mzigo wake, fundi alimwongezea mabaki ya shuka jeupe, zito, ambalo halikutoka ndani ya gunia lolote.

Nyumbani alifua tena, akaanika, akaanza kukata. Safari hii aliacha mshono wa upana wa kidole, si wa ukucha kama mwanzo. Usiku wa kwanza wa kuunga, Télesphore alikuwa amekaa upande wa pili wa taa na kitabu chake cha nyimbo. Hakuwa akisoma. Alikuwa anatazama mikono ya mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa jino.

"Nini?" Godelive aliuliza.

"Hiyo kona."

"Iko na nini?"

"Haikutani. Angalia. Ya huku imepanda, ya huku imeshuka. Ulipima na nini?"

"Na macho."

"Macho!" Télesphore alisimama. Aliingia chumbani, akatoka na katoni ya sabuni, rula ya Olga na penseli iliyochongwa sana. Akakaa chini, juu ya mkeka, kwa suruali yake ya kanisani. Akachora mraba, akaupima pembe kwa pembe, akaufuta, akauchora tena. Alipoukata, aliuweka juu ya kitambaa, akauzungushia penseli.

"Kila kipande kinapita hapa," alisema. "Hata kimoja kisikosane."

Godelive alitaka kumkumbusha maneno ya takataka. Aliyameza. Alikuwa na haraka, na mume wake alikuwa anakata vizuri kuliko yeye.

Wiki moja na siku mbili kabla ya harusi alishuka Nsungwi na blanketi limefungwa ndani ya shuka. Mayi Kachale alilifungua kibarazani, akapitisha kiganja juu yake. Lilikuwa limenyooka. Mistari yake ya bluu, kijani na nyeupe ilikutana kila mahali.

"Limependeza," alisema. "Basi, zikomo, asante, inatosha."

"Bado," Godelive alisema. "Naomba beseni."

Akalizamisha lote kwenye maji ya moto mbele ya mwenye nyumba, ya mfanyakazi wa jikoni, na ya wageni wawili waliokuwa wanasubiri chai. Akalisugua, akaligeuza, akalikandamiza. Siku zote alikuwa akifua vipande, hakuwa amewahi kulifua likiwa zima. Alipoinua mikono, Mayi Kachale aliinama kutazama. Maji yalikuwa na povu na vumbi kidogo. Hayakuwa na rangi.

Walilining'iniza kwenye kamba mbili, wakangoja. Likakauka saa tisa alasiri, limenyooka vile vile, bila kunyanzi, kila mshono mahali pake. Mayi Kachale alilizunguka pande zote, akavuta kona kwa vidole viwili kama mtu wa sokoni. Kisha akauliza bei ya mengine mawili, ya vyumba vya wageni. Godelive aliitaja. Mayi Kachale alishtuka, akasema ni ghali mno, akataja yake. Godelive akakataa. Wakavutana hapo uani kwa muda mrefu, mwenye nyumba amekunja uso, amesahau kabisa habari za shida za wakimbizi, na Godelive alikuwa hajapata kufurahia ubishi wowote namna hiyo tangu afike Malawi. Mwishowe walikutana katikati, na malipo ya mwanzo yakatolewa.

Hakupanda minibasi ya Dzaleka mara moja. Alipita Old Town, akaingia duka moja la vifaa vya mafundi, akaomba kuona mikasi ya chuma. Muuzaji alimwekea mmoja juu ya kaunta. Godelive alitoa kipande cha pamba mfukoni, akakikata.

"Mama, mikasi haijaribiwi," muuzaji alisema. "Unanunua au hununui?"

"Nanunua. Lakini si huu. Unatafuna."

Alimletea wa pili. Godelive akakata, akatikisa kichwa. Wa tatu ulikata mwanzo ukakwama mwisho. Watu nyuma yake walianza kuguna, na yeye akajisogeza kidogo kuwapisha wafikie kaunta, bila kuondoka.

"Nipe ule wa juu kabisa," alisema, na muuzaji akaenda kuleta ngazi.