Tarakimu Sita za Mama Lineo

Mimi sidanganyiki kirahisi, na kiwandani kwetu Maputsoe kila mtu analijua hilo. Walipokuja wale watu wa mafunzo ya simu wakatukalisha kantini, washonaji wote wa mstari wa saba, ni mimi niliyeshika somo kuliko wenzangu. Tarakimu sita zikiingia kwenye simu yako, walisema, usimpe mtu. Hata mama yako mzazi. Tangu siku ile wenzangu wakawa wananiletea simu zao wakati wa chakula niwasomee jumbe, nami nawapambanulia: huyu mwizi, huyu mwizi, huyu ni shemeji yako kweli.

Kwa hiyo Jumatatu ile wakati wa chakula, nilipotoa simu kwenye kabati la getini tunakoziacha asubuhi, nikakuta tarakimu sita nisizoziomba, nilicheka peke yangu. Laini yenyewe ilikuwa mpya, hata mwezi sina nayo. Sijakaa sawa, simu ikaita.

Aliyepiga alijitaja kuwa Mama Lineo, wa huko milimani Mokhotlong. Alinisalimia kirefu, akauliza habari za nyumbani kwangu, ndipo akaniomba zile tarakimu. Namba yangu, alisema, ilikuwa ya marehemu mume wake, Tefo. Binti yao Lineo alitangulia, kisha baba naye akafuata. Picha zote za mtoto Tefo alikuwa amezihifadhi mtandaoni, na huko huingii bila tarakimu zinazotumwa kwenye namba hiyo.

Nikamuuliza simu ya marehemu iko wapi. Akanieleza taratibu, nami nikamsikiliza kama hakimu. Tefo alipozikwa, vitu vyake vilifungwa ndani ya blanketi, kama ilivyo desturi, visiguswe mpaka mjane avue nguo za msiba. Miezi yote hiyo laini ikalala, kampuni ya simu ikaichukua na kuigawa upya. Siku ya kugawa nguo, simu ikamwangukia mjomba wa marehemu, mzee wa kufuata mila barabara. Kitu cha marehemu hakitumiki kabla hakijaoshwa. Koti likaoshwa, viatu vikaoshwa, na simu mjomba akaipeleka kwa fundi, akamwagiza aisafishe isibaki na chochote cha marehemu. Fundi akaisafisha kweli, haikubaki hata picha moja.

Hapo mtu mwenye utu angeamini. Mimi nilisema moyoni, ama kweli matapeli wa siku hizi wamesoma mpaka mila zetu.

"Mama, mtafute mwingine wa kumchezea," nikamwambia. "Mimi nimesomeshwa."

Jumanne akapiga tena. Jumatano tena. Simu aliyopigia ilikuwa ya mwalimu aliyekuwa akimsaidia, na kutoka nyumbani kwake mpaka shuleni kwa huyo mwalimu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Alinitajia hilo bila kulalamika, ili nijue tu kwamba hawezi kupiga jioni. Akasema wenye huduma ya kuhifadhi picha wametoa tangazo: akaunti ikikaa mwaka mzima bila kufunguliwa inafutwa, na ya Tefo zamu yake ilikuwa Ijumaa saa sita mchana. Hapo ndipo nilipojiona nimemnasa. Tapeli siku zote hukuharakisha, na hilo nalo lilikuwamo kwenye mafunzo. Nikawaita wenzangu, nikaweka spika wasikie ninavyompasha. Nikamuuliza huyo Lineo yupo kweli, au kamzaa asubuhi hii kwa ajili yangu. Meza nzima ikaangua kicheko. Yeye akasema asante dada, akakata.

Nilikula vizuri siku ile. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa Selloane alirudi kazini. Ni mwenzetu wa kukata nyuzi, alikuwa likizo kwao Mokhotlong wiki nzima. Kengele ya chakula ilipolia saa sita na nusu, wenzangu wakamkalisha wamsimulie kichekesho cha Mama Lineo. Hakucheka. Aliweka kijiko chini, akaniangalia.

"Mathuso, mume wake si Tefo? Aliyekuwa migodini?"

Nikasema ndiye. Akasema mtoto alichukuliwa na mto akitoka shule, mvua za mwaka juzi, na yeye Selloane alikuwapo kwenye mazishi. Tena nyumba ile haikuwa na picha hata moja ya karatasi. Mwenye simu ya maana alikuwa baba.

Sikumbuki niliinukaje. Kwenye kabati nilikuta simu yangu imepigwa mara tisa, zote kabla ya saa sita. Tarakimu mpya zilikuwa zimeingia mara mbili. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa mwisho, mfupi, unaosema akaunti imefutwa.

Nilipiga. Mwalimu akapokea, akampa Mama Lineo, kumbe walikuwa bado wamekaa pamoja. Nikamwambia ni mimi, nikaanza kumtajia zile tarakimu moja moja kama mwendawazimu, na huku najua hazina kazi tena. Nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Nilitaka anitukane. Laiti angenitukana, ningepumua.

"Ulifanya ulivyofundishwa, dada," alisema. "Hata mimi ningekataa."

Nikasema labda mwalimu awaandikie wenye huduma. Wameshaandika, akajibu, na wameambiwa kilichofutwa hakirudishwi.

"Wiki ile ya mwisho Lineo aling'oka jino la mbele," alisema. "Nimesahau lilikuwa la upande gani. Ndicho nilichotaka kuangalia."