Kidole Kimoja cha Shingo

Pasi niliilaza mimi. Niligeuka kidogo tu kutafuta miwani, kumbe ipo kichwani, na niliporudisha macho mezani karatasi ya mkono wa gauni ilikuwa na tundu jeusi lenye umbo la pasi.

Mjukuu wangu, ambaye kwa utani namwita mke mwenza, hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akachukua simu. Karatasi zile za kukatia gauni alizinunua kwa simu kutoka kwa fundi wa mbali ambaye hatujawahi kumwona. Ukishalipa, zinachapwa mara moja tu. Ukijaribu mara ya pili, zinakataa kufunguka. Na gauni ni la shangazi yake, binti yangu, anayestaafu uuguzi keshokutwa. Mwili wa gauni ulishashonwa. Ilibaki mikono.

Nikamwambia nitakata mkono mwingine kwa macho. Akasema mkono ule una mikunjo kumi na minne, Bibi, na wewe unatafuta miwani iliyo kichwani.

Akabonyeza simu mpaka akachoka. "Nimenunua kwa jasho langu, halafu bado si yangu," akasema. "Aliyeweka kufuli hili ana roho mbaya."

Hapo nikahisi sindano imenichoma. Nyani haoni kundule.

Fundi jirani, Mama Pacha, ni shoga yangu wa miaka. Zamani nilimwazima karatasi zangu azinakili, bila kinyongo, mpaka siku nilipokuta gauni nililolibuni mimi limetundikwa mlangoni kwake kabla sijamaliza langu. Sikumwambia kitu. Ila tangu siku hiyo, kila karatasi niliyomwazima niliichora shingo ikabana kwa upana wa kidole kimoja. Mimi nilijua kuipanua, yeye hakujua. Miaka ishirini amekuwa akiwaambia wateja wake kwamba wana shingo nene.

Nikamsimulia mke mwenza yote. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akataka kujua kama Mama Pacha aliwahi kuniuliza. Nikasema hata siku moja, na angeuliza ningemwambia.

"Basi huyu wangu nitamuuliza," akasema.

Akamwandikia yule fundi wa mbali. Hakumtukana; alituma picha ya tundu na kueleza habari ya bibi na pasi. Saa sita mchana jibu likaja. Fundi alitoa pole. Alisema hufunga kazi zake kwa sababu watu walikuwa wakizigawa kama maji ya mvua, naye ndizo zinazomlisha. Amefungua tena, mara moja tu. Na bibi akae mbali na pasi.

Jioni mikono ilikuwa mahali pake, mikunjo yote kumi na minne. Nikachukua mkasi wangu nikaenda kwa Mama Pacha.

Alinisikiliza nikikiri habari ya shingo, pini zikiwa mdomoni mwake. Nilipomaliza alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto, bila haraka.

"Yule mteja wangu mwalimu," akasema, "nilimwambia apunguze kula."

Kisha akavuta boksi la karatasi kutoka chini ya meza, akalifuta vumbi, akalisukuma mbele yangu. "Kaa hapo, shoga. Ziko thelathini na moja."

Nikavaa miwani.