Pumzi ya Stergios

Kijijini kwetu, huku milimani Epiro, sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti haianzi kwa kucheza. Nyumba iliyofiwa mwaka huo hupigiwa kwanza maombolezo langoni. Dirisha likifunguliwa, watu hucheza. Lisipofunguliwa, ala hurudi mifukoni.

Mwaka huo nyumba ilikuwa ya kaka yangu Stergios. Nyuma ya dirisha alikuwa mjane wake, Evanthia, ambaye tangu mazishi hakuwa amesema nami.

Alikuwa na haki. Kwa miaka arobaini Stergios alipuliza klarineti, nami nikapiga fidla. Katika maombolezo yetu klarineti hushuka polepole, sauti ikiteleza hadi sauti nyingine, mpaka pumzi iishe. Hapo fidla huingia kumpokea mpulizaji, apate kuvuta pumzi. Agosti iliyotangulia mapafu yake yalikuwa mabovu, lakini watu walikuwa wakilia kwa utamu wa kupuliza kwake, nikaona vibaya kumkatiza. Nilichelewa. Alinitazama, akaendelea kupuliza. Jioni ile alitema damu. Februari tukamzika.

Safari hii klarineti aliishika Lefteris wa bondeni, kifua kama mvukuto wa mhunzi.

"Nikuachie wimbo wapi, mzee Kosmas?"

"Usiniachie popote. Una pumzi ya farasi wewe. Puliza, nitakukuta."

"Basi usisinzie, mzee wangu."

Akaanza. Alishuka vizuri, ila kwa unyoofu mno, kama asomaye kitabuni. Dirisha halikutikisika. Tulipofika mahali pale, palepale nilipomchelewea Stergios, klarineti ikakatika. Nikasikia mtu akivuta pumzi kwa taabu, kwa mkoromo ninaoujua. Sikufikiri. Upinde ukaingia.

Tulipomaliza, uso wa Lefteris ulikuwa umepauka.

"Sikuacha," alisema. "Nilikuwa napuliza, mzee. Haikutoa sauti."

"Na ile pumzi?"

"Nilidhani ni yako."

Dirisha likafunguka. Evanthia, kitambaa cheusi kichwani, aliniangalia mimi peke yangu.

"Leo umewahi, shemeji."

"Nimewahi."

"Amekungoja mwaka mzima."

Akaliacha dirisha wazi, akarudi ndani. Watu wakashikana mikono, wakaanza kucheza.

Siku ile niliingia mapema katika kila wimbo, hata pasipotakiwa. Lefteris hakunigombeza. Kila alipofika mahali pa kuvuta pumzi, alinigeukia kwanza.